HAKI YA ALIYEFIKWA NA GHARIKA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Bwana Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baad. Katika darsa zetu za baada ya Magharibi tumeulizwa mara nyingi, tangu yaliposhuka maji ya mwaka 2023 na kurudi tena mwaka 2024, suala moja ambalo waulizaji hulivisha nguo mbali mbali ilhali ni lile lile. Mmoja huuliza kama zaka yake yajuzu kupewa watu wa mafuriko. Mwingine huuliza kama mdeni wake aliyepoteza shamba zima kwa maji aweza kudaiwa kama adaiwavyo mtu mwengine. Wa tatu, na huyu ndiye aliyetufanya tushike kalamu, alisimama mbele za watu akasema kuwa watu wale wamefikwa na yaliyowafika kwa sababu ya madhambi yao, na kwamba kuwasaidia ni hisani tu: apendaye atoe, na asiyependa asilaumiwe. Wengi waliokuwapo walitikisa vichwa kwa kumwafiki. Nasi twakiri kuwa usiku ule hatukumjibu kama ipasavyo, kwani muadhini alikuwa amekwisha kusimama. Basi twamjibu leo.

Kwanza tulijue jambo lenyewe. Mto Tana ndio mrefu kuliko mito yote ya Kenya. Ni kiasi cha kilomita 1,000 tangu unakoanzia, katika milima ya Aberdare na Mlima Kenya, mpaka unapoingia baharini upande wa Kipini. Mvua ikinyesha sana huko juu, maji huwashukia watu wa Garissa na Madogo na Hola na Garsen hata ikiwa kwao mbingu ni kavu. Na katika njia ya mto huo yamejengwa mabwawa matano ya umeme, la kwanza Masinga na la mwisho Kiambere. Yanapojaa, hapana budi maji ya ziada yamwagike, na kumwagika kwake ni kwenda chini kwa wanyonge.

Twasikia baadhi ya watu wa mjini, wakiwa wamekaa barazani na kikombe cha kahawa mkononi, wakisema, “Watu hawa nao, mbona hawahami?” Lau wangeuliza wangeambiwa kuwa maji ya mto yapandapo kwa kiasi chake huacha tope, na tope hilo ndilo mbolea ya mpunga na migomba na miembe ya kingo zile. Mababu wa watu wale waliliishi jambo hilo karne nyingi. Embe tunazozila sisi hapa mjini, nyingine zimetoka katika tope hilo. Si ujinga uliowaweka pale, ni riziki.

Kisha tukumbuke yaliyowatangulia maji hayo. Tangu mwishoni mwa mwaka 2020 mpaka mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo katika sehemu za kaskazini na mashariki ya nchi hii, na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa. Mfugaji aliyebakiwa na mbuzi wachache alikuwa ndiyo kwanza anaanza kuinua kichwa, mara zikaja mvua za El Nino za Oktoba hadi Disemba 2023. Mbuzi wale wachache nao wakaenda na maji. Katika Kenya nzima watu zaidi ya 150 walikufa katika mafuriko hayo, na zaidi ya nusu milioni wakayahama makwao. Matope hayajakauka vyema, Aprili na Mei 2024 yakaja mengine, na safari hii waliokufa walizidi 250. Wazee wetu hulitaja gharika la mwaka 1961. Sisi tulikuwa vijana wa madrasa mwaka 1997, na twaikumbuka El Nino ya mwaka ule, jinsi tulivyofurahi kwa kukosa masomo. Mungu atusamehe, hatukujua tulikuwa tunafurahia nini.

Sasa turejee kwa ndugu yetu asemaye kuwa yale ni malipo ya madhambi.

Twamuuliza: khabari hizo za ghaibu amezipata wapi? Mwenyezi Mungu ametuambia katika Sura ya Al-Baqara kuwa atawajaribu waja wake kwa khofu na njaa na upungufu wa mali na nafsi na matunda, na hapo hapo akawabashiria kheri wenye kusubiri. Hakusema kuwa wajaribiwao ni waovu kuliko wasiojaribiwa. Mwaka wa 18 wa Hijra liliingia tauni kubwa la Amwas katika nchi ya Sham, na katika waliokufa alikuwamo Abu Ubayda bin al-Jarrah, ambaye ni katika kumi waliobashiriwa Pepo, na Muadh bin Jabal, aliyekuwa mwanachuoni wa halali na haramu katika masahaba. Je, nao waliadhibiwa kwa madhambi yao? Na Bwana Mtume (S.A.W.) amemhesabu aliyekufa maji kuwa ni katika mashahidi, na kadhalika aliyeangukiwa na jengo. Mtu ambaye Mtume amempa jina la shahidi, wewe umekaa Mombasa ukimpa jina la muovu!

Ikiwa mtu ataka kuogopa madhambi, naaogope yake. Hiyo ndiyo iliyokuwa khofu ya Sayyidna Umar bin al-Khattab (R.A.). Mwaka ule ule wa 18 Bara Arabu ilipata ukame mkubwa, mpaka upepo ukawa unapeperusha vumbi mfano wa majivu, na mwaka ukaitwa Mwaka wa Majivu. Mabedui walimiminika Madina kwa njaa. Imepokewa kuwa Sayyidna Umar alikuwa akisali usiku na kumuomba Mola wake asijaalie kuangamia kwa umma wa Muhammad kuwe mikononi mwake. Alijishitaki nafsi yake, wala hakupanda juu ya mimbari kuwasuta wenye njaa. Alijizuilia samli na nyama mpaka watu wote wapate, akawa anakula mkate kwa mafuta ya zeituni hata rangi yake ikageuka na tumbo lake likawa languruma. Alimwandikia Amr bin al-As na maliwali wake wa Sham wapeleke chakula, na misafara ya ngamia ikaja. Zaka za mwaka ule hakuzidai, alizicheleweshea watu mpaka walipopata mvua. Na mwizi aliyeiba kwa njaa hakumkata mkono.

Na hapa pia twawasema wale wenzetu ambao, kila liingiapo jambo, mawazo yao huwa ni kumzungusha ng'ombe katika mitaa ya mji kisha kumchinja ili balaa iondoke. Sunna ya mvua na ukame ni sala na istighfari na dua, na Sayyidna Umar aliomba mvua kwa dua ya Abbas, ami yake Mtume, naye yu hai mbele yake. Baada ya dua alirudi kwenye masufuria. Ng'ombe huyo wa kuzungushwa, thamani yake ingenunua magunia mangapi ya unga?

Basi tuingie katika lile neno “hisani”, kwani ndiyo asili ya makosa yote.

Sharia yetu haikuwaacha watu wa misiba wategemee huruma za wenye mali. Wanavyuoni wana neno kwa msiba ung'oao mali ya mtu bila ya kosa lake, kama vile mafuriko, baridi, nzige na moto. Huuita jaiha. Na aliyefikwa na jaiha ana haki zinazojulikana, zimeandikwa katika vitabu vya fiqhi ambavyo wengi wetu tulivisoma tukiwa wadogo, tukavipita mbio ili tufike katika babu ya ndoa.

Haki ya kwanza ni kuomba. Mtajua kuwa Bwana Mtume ameharimisha kuombaomba na kukukemea sana. Lakini katika hadithi ya Qabisa bin Mukhariq, iliyo katika Sahihi Muslim, amewatoa watu watatu, na mmoja wao ni yule aliyefikwa na jaiha iliyomalizia mali yake: huyo ni halali kwake kuomba mpaka apate cha kumsimamisha. Angalieni kipimo chenyewe. Hakusema mpaka apate chakula cha siku mbili; amesema mpaka maisha yake yasimame. Kwa mkulima wa Garsen maana yake ni mbegu na jembe, na kwa mfugaji ni mbuzi wa kuzaa.

Haki ya pili ni katika zaka. Mafungu manane ya zaka yametajwa katika Sura ya Tawba, na moja ni la wenye madeni. Mujahid, mwanafunzi mkubwa wa Ibn Abbas, alipolifasiri fungu hilo alimtia ndani yake mtu ambaye mali yake imechukuliwa na mafuriko, na ambaye mali yake imeteketea kwa moto, na mwenye watoto asiye na mali akawa akopa kuwalisha. Basi aulizaye kama zaka yafaa kwa watu wa mafuriko, jawabu lilikwisha kutolewa zaidi ya miaka elfu na mia mbili iliyopita. Na tena wengi wa watu wale wamekwisha kuingia katika fungu la mafakiri na maskini, wala hapahitaji kutafutwa mlango mwengine.

Haki ya tatu ndiyo nzito, na twajua itawachukiza baadhi ya wasomaji wetu wenye maduka. Katika Sahihi Muslim, imepokewa kwa Jabir kuwa Bwana Mtume alisema, kwa maana yake, kuwa ukimuuzia nduguyo matunda kisha yakafikwa na jaiha, si halali kwako kuchukua chochote kwake; waichukuaje mali ya nduguyo bila ya haki? Imamu Malik ameichukua hadithi hiyo kuwa ni wajibu ikiwa kilichoharibika kimefika thuluthi, na Imamu Ahmad ameifanya wajibu. Imamu wetu Shafii, katika kauli yake ya baadaye, amesema kuwa kusamehe huko ni jambo la kupendekezwa, si la kulazimishwa. Na hoja yake ni hadithi ya yule mtu aliyenunua matunda yakaharibika, madeni yakamzidi, Mtume akawaambia watu wamchangie, na mchango usipotosha akawaambia wanaomdai wachukue kilichopatikana na kwamba hawana zaidi ya hicho.

Sisi ni Mashafii, wala hatumlazimishi mtu kwa madhehebu ya mwengine. Lakini angalia, ewe mwenye duka: hata katika hadithi ambayo Imamu wako ameishika, mdai aliondoka na kilichopatikana tu, wala hakuruhusiwa kumkaba mdeni. Na Qur'ani, mwishoni mwa Al-Baqara, imeamrisha kuwa mdeni mwenye dhiki angojewe mpaka apate wasaa, na ikasema kusamehe ni bora zaidi. Kungoja huko ni amri. Mfanyabiashara aliyewakopesha wakulima dawa na mbegu, kisha baada ya mafuriko akapeleka watu kuchukua mashine ya maji na mabati yaliyosalia, amekwenda kinyume cha madhehebu zote nne. Naye huenda Ijumaa akakaa safu ya mbele.

Wala hatuwasahau wenye kufungia unga na sukari mara wasikiapo kuwa barabara imekatika. Bwana Mtume amemwita mwenye kuhodhi chakula kwa jina la mkosefu. Twajua hoja yao, kwamba Mtume alikataa kuweka bei pale watu walipomtaka aweke. Ndivyo, alikataa kumdhulumu mfanyabiashara wakati bei zilipopanda zenyewe. Ibn Taymiyya amelieleza jambo hili vyema katika risala yake juu ya hisba: anayezuia chakula ilhali watu wamekihitaji, hakimu amlazimishe kukiuza kwa thamani ya mfano wake. Barabara ya Garissa ilipokatwa na maji huko Madogo na watu wakawa wavuka kwa mashua, palikuwa na wenye vyombo waliovusha wagonjwa bure na wengine waliotoza kadiri walivyotaka. Maji yalikuwa yale yale.

Sasa yatupasa tuseme khabari yetu wenyewe, kwani si adabu kuwalaumu wenye maduka na wenye vyombo tukajiacha sisi.

Katika siku za mwisho za mwaka 2023 darsa yetu ilikusanya vitu na fedha, tukakodi lori, tukaenda mpaka kambi moja ya waliohama karibu na Garsen. Tulifika tumechoka na tumeridhika na nafsi zetu. Tulipofungua marobota ya nguo tuliona haya mbele ya watu. Mlikuwamo makoti mazito ya nchi za baridi, na kanzu zilizopasuka kwapani, na katika gunia moja la viatu tulihesabu viatu kumi na vitatu vya mguu wa kulia visivyo na wenziwe. Mwenyezi Mungu amekataza katika Al-Baqara tusikusudie kutoa kibaya ambacho sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Aya hiyo tulikuwa tumeisoma darsani mwezi ule ule.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Tulipanga mstari, tukawapa waliosimama. Hata jioni ndipo alipotujia kijana akatuuliza, “Na wasioweza kuja?” Tulikwenda naye. Nyuma ya mahema tuliwakuta wazee wanne na mama mmoja aliyejifungua juzi yake, hawakupata hata chembe, kwani fungu tulilobakiwa nalo lilikuwa chumvi. Ibn Saad amepokea katika Tabaqat kuwa Sayyidna Umar, katika Mwaka wa Majivu, aliamrisha wahesabiwe wanaokuja kula kwake, wakapatikana watu 7,000. Kisha akaamrisha wahesabiwe wasiokuja, yaani wagonjwa na watoto na watu wa majumbani, wakapatikana 40,000. Ametufundisha kuwa wasiokuja ndio wengi. Sisi tulikuwa twaitaja khabari hiyo kila mwaka kwa kumsifu Umar, wala haikutupitia kuwa ni namna ya kufanya kazi.

Na la tatu twalieleza kwa uzito. Katika mstari ule alikuwamo mama mmoja, mtoto mgongoni na mwengine amemshika mkono. Ndugu yetu aliyeshika daftari alimuuliza jina lake, na lilikuwa jina la Kikristo. Akamwambia, “Mama, hii ni ya Waislamu. Nenda kanisani kwenu, watakupa.” Yule mama hakujibu neno. Alitoka katika mstari akakaa chini ya mti, kwani hakuwa na pa kwenda. Kanisa lao lilikuwa ndani ya maji kama ulivyokuwa msikiti.

Nyuma yake alikuwa amesimama mzee wa Kiislamu, mwenye ndevu nyeupe, kikoi kimemkauka tope. Akasema, “Shekhe, huyu ni jirani yangu. Usiku wa maji, mwanawe mkubwa ndiye aliyenivusha kwa mtumbwi, mimi na mke wangu. Akinyimwa yeye, nami sichukui.” Naye akatoka mstarini, akaenda kukaa chini ya ule mti.

Wallahi hatukuwa na jawabu. Yule mama aliitwa, akapewa fungu lake, na mzee akachukua lake. Lakini twasema kweli: kabla ya mama huyu walikuwa wamerudishwa wengine wawili, nasi tulikuwa hapo hapo, twasikia, tukanyamaza. Hao wawili hatukuwapata tena.

Ndugu yetu mwenye daftari si mtu muovu. Alikuwa amesoma, na alilolisoma lina mahala pake. Katika madhehebu yetu zaka ya faradhi hupewa Muislamu, nasi tulikuwa tumetia zaka na sadaka katika mfuko mmoja, tukanunua kwa pamoja, hata haikujulikana gunia lipi ni la zaka na lipi la sadaka. Akachelea kuharibu zaka za watu. Basi khatia ilikuwa yetu sote tulioanza safari bila ya kupambanua.

Ama sadaka haina mpaka huo. Mwenyezi Mungu amesema katika Sura ya Mumtahina kuwa hatukatazi kuwafanyia wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa ajili ya dini wala kututoa majumbani mwetu. Asmaa binti Abubakar alijiwa na mamake, naye ni mshirikina, akamuuliza Mtume kama amuunge, akaambiwa amuunge. Sura ya Al-Insan imewasifu wanaomlisha maskini na yatima na mateka kwa ajili ya Mungu bila ya kutaka malipo wala shukurani. Na mateka wa zama zile hakuwa ila kafiri. Na Abu Yusuf ametaja katika Kitabu cha Kharaj kuwa Sayyidna Umar alimkuta mzee wa Kiyahudi, kipofu, akiomba milangoni. Akamchukua nyumbani kwake akampa, kisha akamwamrisha mwenye baitul-mali amtazame yeye na mfano wake, kwani si uadilifu kula ujana wake kisha kumtupa katika uzee. Tena huyu wetu ni jirani, na Mtume alisema Jibrili alimuusia juu ya jirani mpaka akadhani atamrithisha.

Palikuwa na jambo jengine dogo ambalo si dogo. Vijana wetu waliwapiga picha watu wakiwa wanapokea, na mama mmoja alijifunika uso kwa ncha ya leso. Picha zile zilikuwa zimekwisha kusambaa mjini kabla lori halijarudi. Qur'ani imesema sadaka hubatilishwa kwa masimbulizi na maudhi. Mwenye kutoa amana aonyeshwe hesabu na risiti. Uso wa mtu mwenye dhiki si risiti.

Yuko atakayesema kuwa kazi hii ni ya serikali, na kodi twalipa. Kweli ni ya serikali, na tusinyamaze kuidai. Lakini Mtume aliwasifu Maashari, watu wa Yemen, kuwa wao ni katika yeye na yeye ni katika wao, kwa sababu wakipungukiwa na chakula vitani au mjini hukusanya walichonacho chote katika nguo moja, wakagawana sawa kwa chombo kimoja. Hawakungoja mtu.

Na khasa twataka yafahamike maneno haya juu ya kujitayarisha kabla, kwani watu wengi huyaona kuwa ni upungufu wa tawakkul. Tarehe 26 Disemba 2004 bahari ilitetemeka karibu na Sumatra, na baada ya saa kadhaa mawimbi yalifika pwani zetu. Katika Kenya alikufa mtu 1, huko Malindi. Katika Somalia, jirani zetu wa bahari hiyo hiyo, walikufa karibu na 300, na mji wa Hafun ukasombwa. Nguvu za mawimbi kule zilikuwa kubwa zaidi, ni kweli. Lakini pia hapa khabari za Asia zilikuwa zimekwisha kufika, na watu wakaondoshwa ufukweni. Khabari ni amana. Mabwawa ya juu yakijaa hutangazwa, na maji huchukua siku kufika chini. Katika siku hizo mbuzi huweza kupelekwa mahali pa juu, na mbegu kutiwa katika dari, ikiwa tu yuko mtu wa kuifikisha khabari hiyo kwa bibi asiye na simu wala redio.

Basi baada ya safari ile tulikaa mikao mitatu, na tumeafikiana haya. Masanduku ni mawili, la zaka na la sadaka, kila moja na daftari lake na mtunzaji wake, na hesabu husomwa hadharani Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi. Vitu vya zaka na vya sadaka vitanunuliwa mbali mbali na kufungwa kwa kamba za rangi mbali mbali. Hatutapanga mstari tena kabla ya kupita hema kwa hema na kuandika wasiokuja. Mwenye kuandika haulizi dini; fungu la zaka litakabidhiwa jamaa wa msikiti wa pale pale, wanaowajua watu wao, nalo la sadaka litagawiwa kwa watu wote kwa kipimo kimoja. Kamera zitabaki mjini.

La mwisho bado halijatimia. Twataka pawe na wakfu maalumu wa misiba, kwa mfano wa Sayyidna Umar alivyoifanya wakfu ardhi yake ya Khaybar, na Sayyidna Uthman kisima cha Ruma. Duka moja tu lenye kodi ya kila mwezi lingetosha kuweka ghala lenye maturubali, masufuria, dawa ya kutia katika maji, mbegu za mpunga na mahindi, na mitumbwi miwili. Mabibi na mabwana wa zamani wa mji huu waliacha mawakfu kwa ajili ya misikiti na visima na mafuta ya taa. Katika wenye maduka wa leo, wawili wamekwisha kutujia kuzungumza, na mmoja wao alikuwa katika wale waliotikisa vichwa usiku ule. Wa tatu na wa nne wanangojewa.

Vitu hupokewa kila siku baada ya sala ya Alasiri. Twahitaji zaidi maturubali na masufuria yenye mifuniko. Nguo zije zimefuliwa, na viatu vije viwili viwili.

Wassalamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.